Darubini ndogo ya kutazamia ndege: nichague ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeanza kupenda kutazama ndege na wanyamapori, nami nataka kununua darubini ya macho mawili iliyo nyepesi na isiyo ghali. Nimeonyeshwa tatu: ya kwanza imeandikwa 8x25, ya pili 10x25, na ya tatu muuzaji anaisifu kwamba hukuza kuanzia mara 10 hadi mara 30. Mimi huvaa miwani, na ndege wengi huwaona alfajiri. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo ya tatu iache hapo hapo dukani. Darubini hukuza mtetemo wa mkono kwa kiasi kile kile inachokuza ndege, na ukifika mara 30 bila kiegemeo utaona kitu kinachochezacheza tu. Isitoshe, darubini za bei nafuu zenye kubadili ukuzaji huwa na picha hafifu na nyembamba.

Kuhusu mbili zilizobaki, namba ya kwanza ni ukuzaji, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, nawe utapata upana wa mwanga unaoingia jichoni: 8x25 inakupa milimita 3.1, ilhali 10x25 inakupa 2.5. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujibana hadi kufikia milimita 2 au 3 hivi, kwa hiyo tofauti hiyo haionekani. Alfajiri mboni hupanuka, na hapo ndipo ile ya 10x25 itakapokuonyesha ndege mweusi asiye na rangi kwenye tawi, huku mwenzako akikusimulia manjano ya kifua chake. Kati ya hizi mbili, basi, chukua ya 8x25, ambayo pia kwa kawaida huonyesha eneo pana zaidi, jambo linalosaidia sana kumpata ndege anayerukaruka majanini.

Hata hivyo, kwa kuwa wewe ni mtu wa alfajiri, ningekushauri uulize kama ipo ya 8x32. Haiingii mfuko wa shati, lakini lenzi yake hukusanya mwanga zaidi kwa takriban asilimia 64 kuliko ile ya 25, na kuishika bila kutikisika ni rahisi zaidi kwa sababu mikono inapata mahali pa kukaa. Watu wengi hununua ile ndogo kabisa kwa ajili ya wepesi, kisha wakachoka kuitafutia mahali pa macho kila wanapoiinua. Iwapo safari zako ni za miguu na kila gramu ina uzito wake, kaa na ya 25 bila majuto.

Kwa anayevaa miwani, kipimo kinachosahauliwa ni umbali kutoka kioo cha jicho, yaani kile cha darubini unachochungulia, hadi mahali ambapo jicho huiona picha yote. Tafuta usiopungua milimita 15, na vikombe vya mpira kwenye kioo hicho vinavyokunjwa au kuzungushwa chini, la sivyo utakuwa unachungulia kama kupitia tundu la ufunguo. Usitegemee maandishi ya kasha. Ijaribu ukiwa na miwani yako usoni.

Ukiwa hapo dukani, toka nje uangalie ukingo wa paa au mlingoti ulio mbali. Mstari ukionekana mara mbili, au macho yakiuma baada ya dakika chache, vioo vya ndani havijapangwa sawasawa, na kasoro hiyo haitengenezeki kwa mikono yako. Lenzi zenye utando wa kuzuia mng'ao huonyesha rangi ya kijani au zambarau zikigeuzwa kwenye mwanga. Zenye wekundu mkali kama rubi ni za kuvutia wanunuzi kuliko kuonyesha picha. Ukipata iliyotumika, imulike ndani kwa tochi, kwa maana ukungu wenye nyuzinyuzi kama utando wa buibui hula kioo polepole na kuusafisha hugharimu karibu na kununua nyingine.

Ukishaifikisha nyumbani, funika lenzi ya kulia na kuzungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione vizuri, kisha funika ya kushoto na kurekebisha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Wengi hawaigusi pete hiyo kamwe, halafu wanailaumu darubini.