Maswali ya wasomaji: Bwawa moja, kazi mbili

Swali. Mhariri, kiangazi tunaambiwa mabwawa ya mto Tana, hapa Kenya, ndiyo hazina yetu ya maji. Masika ikizidi, bwawa la Masinga linajaa na mto unatufuata hadi majumbani. Bwawa haliwezi kuzuia mafuriko na kutunza maji kwa pamoja? (Msomaji, Garissa)

Jibu. Linaweza, ila kazi hizo mbili zinavutana. Anayesubiri kiangazi anataka bwawa lijae, na anayeogopa mafuriko anataka libaki na nafasi. Masinga, lililokamilika 1981, linashika takriban mita za ujazo milioni 1,560. Maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari huanza kumwagika. Chini yake mtoni, mabwawa ya Kamburu, Gitaru na Kindaruma ni madogo mno kuyameza yanayomwagika, na Kiambere nalo mara nyingi huwa limekwisha kujaa msimu huohuo.

Nafasi hiyo hupimwa hivi. Tuseme mto unaingiza mita za ujazo 500 kwa sekunde, na kingo za huko chini zinabeba 300 tu. Zile 200 zinazozidi, kwa siku tano, ni mita za ujazo milioni 86.4. Masinga likijaa hutanda kilomita za mraba 120 hivi, kwa hiyo nafasi ya kutosha ni kushusha maji sentimita 70 na kidogo kabla ya masika. Kwa kufanya hivyo bwawa linatoa karibu asilimia 5.5 ya akiba yake. Kwa maoni yetu hiyo si bei kubwa kwa usalama wa watu wa bondeni, mradi maji yateremshwe polepole na mapema, kwa kufuata utabiri wa mvua. Kuyafungulia mto ukiwa tayari umevimba ni kuongeza mafuriko juu ya mafuriko.

Jambo moja msilisahau: mito kama Mutonga inaingia Tana chini ya Kiambere, kwa hiyo hakuna bwawa kati ya hayo linaloizuia. Mnaweza kupata mafuriko hata Masinga likiwa halijajaa.

Swali. Kijiji chetu kinataka kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe 500. Korongo linakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba 3. Tuta liwe na ukubwa gani? Lambo la jirani lilibomoka mwaka wake wa kwanza. (Msomaji, Dodoma)

Jibu. Anzeni na utoro, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi. Malambo mengi hubomoka kwa sababu utoro ni mwembamba, maji yanapanda juu ya tuta, na tuta la udongo likishafurikwa huliwa kwa muda mfupi sana.

Ng'ombe mmoja akinywa lita 30 kwa siku, siku 210 za kiangazi zinahitaji mita za ujazo 3,150 tu. Mwizi mkubwa ni jua. Katika siku hizo linaweza kukausha kina cha mita 1.5, na kwa lambo la hekta moja hiyo ni hadi mita za ujazo 15,000, karibu mara tano ya kinywaji cha mifugo. Chimbeni kwenda chini kuliko kwenda upana. Kina cha mita 4 ni bora kuliko ziwa pana la mita 2.

Maji ya kuingia hayatawapungukia. Kwa mvua ya milimita 570 kwa mwaka, hata asilimia 5 tu ikitiririka, mnapata mita za ujazo 85,500. Taabu ni siku ya mvua kubwa. Mvua ya milimita 60 kwa saa, sehemu yake ya asilimia 40 ikitiririka, inaleta mita za ujazo 20 kwa sekunde. Maji yakipita utoroni kwa kina cha sentimita 60, utoro unatakiwa uwe na upana wa mita 25. Uchimbwe pembeni kwenye ardhi ngumu ya asili, usipite juu ya udongo uliojazwa.

Tuta la kimo cha mita 5 liwe na kilele cha upana wa mita 3. Mteremko wa ndani uwe 1 kwa 3 (kila mita 1 ya kimo, mita 3 za upana) na wa nje 1 kwa 2.5, kwa hiyo kitako chake ni mita 30.5. Kilele kiwe mita 1.5 juu ya sakafu ya utoro, kisha ongezeni asilimia 10 ya kimo kwa sababu udongo hushuka. Chini ya tuta chimbeni mtaro hadi mkute udongo mzito usiopitisha maji, mwingie nusu mita zaidi, kisha mjaze udongo wa mfinyanzi. Shindilieni tabaka za sentimita 15 hadi 20, udongo ukiwa na unyevu: ukiufinyanga mkononi ushikamane bila kutoa maji. Udongo mkavu hauwezi kushindiliwa ukashikana, hata trekta lipite mara kumi.

Msipande miti juu ya tuta. Mizizi ikioza huacha vijia, na maji huvifuata. Maji yakichuruzika chini ya tuta yakiwa masafi, yapimeni kila siku. Yakigeuka ya tope, udongo wa ndani unabebwa: waondoeni watu bondeni kwanza. Mei 2018, bwawa la shamba huko Solai, Nakuru, lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40.

Kabla ya jembe la kwanza, nendeni Bodi ya Maji ya Bonde mkapate kibali, na mchoro upitiwe na mhandisi.

Swali. Lambo letu limejaa tope. Tulichimbue au tujenge jipya? (Msomaji, Manyoni)

Jibu. Chimbueni mwisho wa kiangazi likiwa kavu, lakini msiguse tabaka la mfinyanzi la chini, maana ndilo linalozuia maji yasizame. Tope litupwe upande wa chini wa tuta, mbali na kitako chake. Juu ya korongo wekeni vizuizi vya mawe na ukanda wa nyasi, la sivyo litajaa tena. Mifugo isiingie majini: toeni maji kwa bomba hadi mbauti, yaani birika la kunyweshea, iliyo mita 60 au zaidi kutoka lambo.