Kulala kwenye kasri na watoto

Dada, umeuliza kama kulala kwenye kasri la kale Ulaya ni kwa matajiri tu. Wala! Angalieni Burg Stahleck, Ujerumani, juu ya kimji cha Bacharach kando ya mto Rhine. Ni ngome ya karne ya 12. Majeshi ya Ufaransa yaliibomoa 1689, ikajengwa upya karne ya 20 iwe hosteli ya vijana, na familia zinapokelewa. Mtahitaji kadi ya uanachama wa hosteli hizo. Vitanda ni vya dabo deka, msitegemee mambo ya kifalme. Treni inafika Bacharach, ila kutoka stesheni ni kupanda mlima kweli kweli, kwa hiyo masanduku mazito yaacheni. Ombeni chumba kinachotazama mto, watoto wahesabu meli mpaka walale.