Kwa straika anayedhani amechelewa

Kila msimu hunijia vijana wa miaka 20 au 21 waliokata tamaa kwa sababu hawakupitia akademi yoyote. Nawaambia wamfuatilie Grafite, Mbrazili ambaye jina lake kamili ni Edinaldo Batista Libânio. Alizaliwa 1979, na kabla ya kulipwa kwa kucheza mpira alikuwa akiuza mifuko ya taka nyumba kwa nyumba. Alipoanza soka la kulipwa alikuwa na umri kama wenu.

Na njia haikunyooka hapo. Alipita klabu za Brazili: Matonense, Ferroviária, Santa Cruz, Grêmio, halafu Korea Kusini mwaka 2003, ambako mambo yalikataa. Akarudi nyumbani, akatua Goiás, mabao yakaanza kuingia, na 2004 São Paulo wakamchukua. Ndugu zangu, kwenda nje kukaa benchi hakukujengi. Ukiona hupati dakika, rudi kwenye timu itakayokuchezesha, hata mtaani wakisema umefeli.

Kisha Le Mans ya Ufaransa, na mwaka 2007 Wolfsburg. Msimu wa 2008/09 alifunga mabao 28 katika mechi 25 za Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, straika mwenzake Edin Džeko akafunga 26, timu ikatwaa ubingwa. Kocha wao, Felix Magath, alisifika kwa mazoezi makali ya mbio na mipira mizito. Asiyetaka kutoka jasho la namna hiyo asiniambie anapenda mabao. Ila mtazameni na kiungo Zvjezdan Misimović aliyekuwa nyuma yao, mwenye pasi 20 za mabao msimu ule. Ukiingia timu mpya, wiki ya kwanza mtafute mtu kama huyo. Jua anatumia mguu gani na anainua kichwa lini, ili uanze kukimbia kabla hajapiga.

Bao la Grafite dhidi ya Bayern Munich, tarehe 4 Aprili 2009, siku waliyoshinda 5-1, liangalieni mara nyingi. Anaingia eneo la hatari kutokea kushoto, anawapunguza mabeki, anamzunguka kipa, na sasa mgongo wake ndio unaoelekea goli. Anausukuma kwa kisigino, mpira unabingirika taratibu hadi wavuni. Wengi hukisifu kisigino. Mimi nataka muone miguso ya kabla yake, mifupi, mpira haumtoki mguuni hata mabeki wanapomsogelea. Hilo linafundishika, na tunaweza kulifanya kila jioni.

Mwaka 2010 aliingia dakika za mwisho dhidi ya Ureno kwenye Kombe la Dunia, na 2011 akaenda Al Ahli ya Dubai. Kufuata fedha Ghuba si aibu hata kidogo. Ila mkataba usomwe na mwanasheria uliyemtafuta mwenyewe, si wa klabu wala wa wakala. Ulizeni nani anagharimia matibabu ukiumia, mshahara unaingia tarehe ngapi, na wakala analipwa na nani. Msisaini chochote hotelini usiku.

Jambo la mwisho ni kuaga vizuri. Popote mnapoondoka, ageni hadi mtunza jezi. Mwaka 2015 Grafite alirudi Santa Cruz ya Recife, klabu aliyoichezea kabla hajajulikana, akiwa na miaka 36. Walimpokea, na mwaka huohuo wakapanda kwenda Serie A, ligi kuu ya Brazili.