Daktari ana mkono mzuri lakini hasikilizi: kwangu ilikuwa hivi

Dada mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Dada yako mkubwa ana kilo 127, kisukari na presha, mwezi ujao anafanyiwa upasuaji wa sliv, ule wa kupunguza mfuko wa chakula ili apungue uzito. Daktari alimpa dakika chache huku anachezea simu, na alipoulizwa kuhusu kuvuja akajibu, "Mnasoma sana mtandaoni." Kaka yenu anasema bora mkono kuliko mdomo, mradi mtu anajua kukata. Nianze na hilo la kaka, kwa sababu na mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikayaamini, na nusura yanizike.

Nilifanyiwa sliv Machi 2019, kusini mwa India. Nilikuwa na kilo 131 kwa urefu wa sentimita 160, yaani BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 51. Kisukari nilikuwa nacho mwaka wa tisa, magoti yamekwisha, na usiku nilikuwa nakoroma mpaka pumzi inakatika, mume wangu ananitikisa bega nizinduke. Niliuza kiwanja changu cha Kigamboni, nikaongezea mgao wa kikoba, kaka yangu akanisindikiza. Naeleza haya kwa sababu mada hii haikosi mtu wa kusema "si apunguze kula tu". Nilipunguza, jamani. Mara mbili nilishuka kilo 20 na zote zikarudi, na nyingine juu yake.

Tuelewane kwanza. Mtaani tunasema fulani "kakata utumbo", lakini sliv haigusi utumbo. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula. Karibu robo tatu au zaidi yake inaondolewa moja kwa moja, kinabaki kitu chembamba kama ndizi, na pale palipokatwa panabanwa kwa pini ndogo ndogo za stepla toka juu hadi chini. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotoa kwa wingi grelini, homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo unaweza kusahau kula. Utumbo unaguswa kwenye baipasi, ambapo unaunganishwa upya ili chakula kiruke sehemu ya njia. Puto linalowekwa tumboni pale Hospitali ya Mloganzila, Dar, ni jambo jingine kabisa: hakuna kinachokatwa, linapitishwa mdomoni na baadaye linatolewa. Muulize dada yako kama ameelezwa tofauti hizi. Mimi sikuelezwa, niliambiwa tu "wewe utafanya sliv".

Sasa kuvuja. Ni pale sehemu ya ule mstari wa pini inapoachia, tindikali na kila unachokunywa vikamwagikia ndani ya tumbo. Kwa sliv mara nyingi panaachia juu kabisa, karibu na umio. Kwa kawaida hutajwa mgonjwa 1 hadi 3 katika kila 100, na wamo wagonjwa wa madaktari hodari. Kwa hiyo sikumlaumu yule daktari kwa kuvuja na sitamlaumu. Nilivuja, basi, ingeweza kumtokea yeyote. Ninachomlaumu ni siku mbili zilizofuata.

Niliruhusiwa siku ya tatu, tukahamia chumba cha kupanga jirani na hospitali. Nilikuwa nakunywa maji kwa kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi, mililita 30, fundo kwa fundo. Siku ya tano jioni maumivu yakaanza bega la kushoto. Si tumboni, begani. Kaka akapiga simu, daktari akasema ni gesi waliyonijaza wakati wa upasuaji, nitembee. Ni kweli gesi ile huuma begani, nami nilikuwa nimeambiwa hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo nikatembea. Nilizunguka kile chumba nikishika ukuta mpaka miguu ikaniishia.

Siku ya sita asubuhi nilikuwa na homa na moyo unakwenda mbio nikiwa nimelala. Kaka alikuwa amenunua kile kifaa cha kubana kidoleni kinachohesabu mapigo ya moyo. Kikasoma 128. Akakitoa, akakipangusa kwa shati, akakirudisha: 131. Akapiga simu tena, akaweka spika. Daktari akauliza, "Amekula nini?" Kaka akasema hajala chochote, maji tu, na leo hata maji yanamshinda. Yule mtu akajibu kwamba wagonjwa wa uzito huu hawasemi ukweli kuhusu chakula, kisha akasema atanipangia miadi kesho yake.

Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimelala chali natoka jasho la baridi na kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa aibu. Sikuwa nimeweka hata kijiko cha uji mdomoni, lakini nikaanza kujihoji, labda nilikunywa haraka, labda kosa ni langu. Mtu mnene amezoea kuambiwa kila ugonjwa amejitakia, kwa hiyo hata akiwa anakufa anaomba radhi kwanza. Ndiyo maana namwambia kaka yenu kwamba mkono na mdomo havitengani. Daktari aliyekudharau siku ya kwanza hatakuamini siku ya sita, na kwenye upasuaji huu siku ya sita maisha yako yako kwenye maelezo yako. Kuvuja mara nyingi hakuji na tumbo gumu kama mnavyodhani. Kunaweza kuanza na mapigo ya moyo kupanda, homa, bega, pumzi fupi, na hofu fulani ambayo huwezi kuieleza. Anayejua dalili hizo anakuita hospitali usiku huo huo.

Saa nane za usiku kaka alinibeba mgongoni hadi kwenye bajaji. Mapokezi ya dharura palikuwa na muuguzi mtu mzima. Hakutazama faili, alinishika mkono akahesabu mapigo mwenyewe kwa saa yake, dakika nzima, akimtazama kaka usoni. Kisha akampigia simu daktari mwingine wa zamu. Nikapelekwa siti skani, na alfajiri nikawa chumba cha upasuaji. Walinisafisha tumbo, wakaniwekea mipira ya kutolea uchafu nje, na mwembamba mwingine kupitia puani hadi kwenye utumbo, kupita lile tundu, ili nilishwe.

Siku chache baadaye wakanipa maji yenye rangi ya bluu ninywe. Nilimeza mafundo mawili. Kaka alikuwa ameshika ule mfuko wa plastiki unaoning'inia ubavuni kwangu, na ndani ya dakika chache tukaona bluu inateremka kwenye mpira, taratibu, kama wino. Hakuna aliyesema kitu. Mpaka hapo nilikuwa bado nadhani wanakisia.

Daktari wangu wa kwanza alikuja mara moja tu nikiwa ICU. Alisimama miguuni pa kitanda, akazungumza na wanafunzi wake kuhusu "kesi hii", akaondoka. Jina langu hakulitaja. Yule wa zamu, kijana kuliko yeye, alivuta kiti akakaa. Akageuza fomu, akachora kwa kalamu nyuma yake: umio, ile ndizi, tundu, na mahali atakapoweka stenti, kimpira cha kupitisha chakula juu ya tundu ili lipate kufunga. Akasema stenti itanitia kichefuchefu na maumivu ya kifua, huenda ikateleza, na huenda nikahitaji nyingine. Akasema haitakuwa wiki moja, nijiandae kwa miezi. Kisha akamgeukia kaka: "Ulifanya vizuri kutokusubiri kesho." Kaka yangu, mwanamume wa miaka 50, alitoka nje kwenda kulia.

Habari alizotoa zilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kupewa, na ndizo zilizonitia nguvu, kwa sababu kila alichotaja kilitokea vile vile. Stenti iliteleza kweli, ikarudishwa. Niliitapika roho yangu, lakini sikuogopa, nilikuwa nimeambiwa. Nilikaa wodini siku 37. Karatasi ile ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya pasipoti.

Kwa hiyo dada yako afanye nini? Kwanza, upasuaji wenyewe anaustahili. Mwaka 1991 kigezo kiliwekwa BMI 40, au 35 kwa mwenye magonjwa yanayoletwa na uzito; mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa uzito vikakishusha hadi 35 hata bila ugonjwa, na kwa mwenye kisukari kuanzia 30 afikiriwe. Asimruhusu mtu kumwambia anatafuta njia ya mkato. Lakini kabla hajalipa hata shilingi arudi kwa yule daktari akiwa na mtu wa kumsindikiza, amuulize swali moja na asiondoke bila jibu: nikipata homa na moyo kwenda mbio saa nane usiku, siku ya sita, nampigia nani, na atafanya nini? Asiridhike na "hakuna shida". Jibu linalotakiwa lina namba ya simu, lina hospitali yenye siti skani usiku, lina jina la mtu anayeweza kuweka stenti. Amuulize pia amewahi kupata wagonjwa wangapi waliovuja. Anayesema hajawahi hata mmoja, ama ndiyo kwanza anaanza ama hasemi kweli. Akifoka, ameshajibu.

Na asikilize anavyosemwa yeye mwenyewe. Akiitwa "mzembe" au akichekwa pale kwenye mizani, anyanyuke. Wapo wengine. Mwaka uliofuata nilipata mawe kwenye kifuko cha nyongo, huwapata wengi wanaopungua haraka, na mpasuaji wa hapa hapa Dar aliyenifanyia upasuaji huo alianza kwa kuniambia, "Mama, nieleze toka mwanzo, sina haraka." Nusu saa. Sijasahau.

Maandalizi nayo yanakuonyesha daktari ni wa namna gani. Inafaa apimwe kwa endoskopi, ile kamera inayopitishwa mdomoni, na apimwe bakteria wa vidonda vya tumbo, apimwe usingizi kama anakoroma, na apewe mlo wa wiki mbili hivi wa kupunguza wanga ili ini lisinyae, maana ini lenye mafuta linafunika mfuko wa chakula na kumziba mpasuaji. Kama ana kiungulia kikali tangu zamani lazima lizungumzwe, sliv inaweza kukizidisha na huenda baipasi ikamfaa zaidi. Kama bado anazaa, asishike mimba mwaka mmoja hadi mwaka na nusu wa mwanzo. Kama hayo hayajatajwa hata moja, mwezi ujao ni mapema mno.

Maisha ya baadaye nitayapitia haraka, wengine humu wameyaeleza vizuri. Nywele zilipukutika mwezi wa nne baada ya upasuaji, zikarudi. Ngozi ya mikono na tumbo imelegea na haitarudi. Vitamini ni za maisha, na damu napima kila mwaka, madini ya chuma na B12 hasa. Ukitapika mfululizo kwa siku kadhaa usisubiri, upungufu wa vitamini B1 unaharibu mishipa ya fahamu, mwenzangu mmoja ulimwacha na ganzi miguuni. Dawa za maumivu kama brufeni na diklofenaki nimekatazwa, kila ninapokwenda duka la dawa nasema kabla sijaulizwa. Sinywi huku nakula, nasubiri nusu saa. Ugali nakula matonge matatu madogo baada ya samaki, protini kwanza. Shughulini wananiuliza mbona huli, nimechoka kueleza, siku hizi nasema nimeshiba, na ni kweli. Ramadhani ya kwanza sikufunga, maji yalikuwa hayaingii ya kutosha kwa usiku mmoja. Nililipa baadaye.

Leo nina kilo 78. Sukari ilianza kushuka hata kabla uzito haujasogea, na metformini, dawa yangu ya kisukari, niliacha kwa maelekezo ya daktari. Presha nabakia na kidonge kimoja. Nalala usiku kucha. Mume wangu anasema mwanzoni ukimya ulimtisha, akawa anaweka mkono karibu na pua yangu kuangalia kama napumua.

Ningefanya tena? Ndiyo. Kwa yule yule? Hapana, hata bure.

Dada yako akitaka kuongea na mtu aliyepitia, niandikie pembeni nikupe namba. Duka nafunga saa kumi na mbili jioni, baada ya magharibi nina nafasi. Na akienda kuuliza lile swali, tafadhali rudi hapa utueleze alijibiwa nini.