Kazi ya duka la vifaa vya mlima mjini Moshi: anza na zipu

Habari ndugu. Umeuliza kama kazi ya duka la kukodisha vifaa vya kupandia Kilimanjaro ni kukaa kaunta tu. Wapi! Muda mwingi unaishia kwenye mizigo iliyorudi. Kwanza kagua zipu ya mfuko wa kulalia, ivute mpaka mwisho mgeni akiwa bado yupo, hata kama anawahi ndege uwanja wa KIA. Akishaondoka, hasara yako. Jaketi lililojazwa manyoya ya ndege likirudi limelowa usilikunje, manyoya yatashikana na joto litapotea. Buti mteja ajaribu na soksi nene, vidole visiguse mbele. Vikigusa, kucha hung'oka wakati wa kushuka. Aprili na Mei ni masika, wageni wachache, hivyo muulize tajiri mapema miezi hiyo analipaje.