Ukipewa kipindi cha ujasiriamali katika safari ya misheni, anza na bidhaa ya mama mwenyewe

Sharika nyingi za mijini hupanga safari za misheni kwenda mikoa ya pembezoni, na siku hizi ni nadra kukuta ratiba ya safari hizo isiyo na kipindi cha ujasiriamali kwa kina mama. Mimi ni mtunza hesabu kwa taaluma, na kwa miaka kadhaa nimekabidhiwa kipindi hicho katika safari za idara ya wanawake ya usharika wetu, tukitoka Dar es Salaam kwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Ninawaandikia wale watakaopewa jukumu hilo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ninaamini kwa moyo wote kwamba siku chache za mafunzo zinaweza kumwachia mwanamke kitu cha kumfaa maisha yake yote, mradi mwalimu akubali kufundisha jambo moja tu, nalo ni hesabu ya bidhaa ambayo mama huyo anayo mkononi leo.

Mara nyingi mafunzo yanayobebwa kutoka mjini huwa ni ya bidhaa nyingine kabisa: sabuni ya maji, batiki, keki, mishumaa. Sina ubaya na ujuzi huo, lakini dawa za kutengenezea sabuni hazipatikani kijijini, na timu ikishaondoka, mama aliyejifunza atalazimika kuziagiza Kigoma mjini na kuzilipia nauli ya boti, hata sabuni yake ije kuwa ghali kuliko ile iliyoko dukani. Wakati huohuo mama huyo ameuza dagaa, migebuka, mawese au muhogo kwa miaka mingi, anawajua wateja wake kwa majina, anajua mwezi gani bei hupanda na mwezi gani hushuka, na anaweza kutambua kwa kushika tu kama dagaa wamekauka sawasawa. Anachokosa ni kujua kinachobaki baada ya kuuza.

Kwa hiyo panga safari yako kwa kuifuata biashara yao. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na ndiyo maana uvuvi hushamiri siku za giza, ilhali mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika. Siku za giza mama yuko mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, tangu alfajiri akipatana bei na wavuvi, kisha anaanika na kugeuza hadi alasiri, na kumwita kanisani saa nne asubuhi ni kumtaka auache mzigo wake uharibike. Mwombe mchungaji wa huko akupangie tarehe kwa kuangalia mwezi, hata kama likizo za kazini kwenu zitakubana. Fahamu pia kwamba mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulifungwa upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mama ambaye mtaji wake wote ulikuwa kwenye dagaa alikaa miezi mitatu bila bidhaa. Ukiwafundisha habari za akiba ukianzia hapo, hutahitaji kumshawishi mtu yeyote.

Siku ya kwanza usifundishe. Nenda mwaloni, kaa penye vichanja vya kuanikia, saidia kugeuza dagaa, na uulize maswali ya mnunuzi na ya mwanafunzi. Utaona mwenyewe kwamba dagaa walioanikwa mchangani hupata bei ndogo kuliko waliokaushwa juu ya kichanja, kwa sababu mteja wa mjini hataki kutafuna mchanga, na utasikia ni kwa nini baadhi ya kina mama bado wanaanika chini ingawa wanalijua hilo: miti na nyavu za kichanja ni gharama, na mvua ikija ghafla mzigo hauokoki kirahisi. Maelezo hayo yana thamani kuliko daftari lolote la masomo utakalolibeba.

Sasa niwaonyeshe hesabu tuliyoifanya na mama mmoja mbele ya wenzake, kwa ridhaa yake. Alikuwa amenunua dagaa wabichi wa shilingi 60,000 na kuwauza wakavu mjini kwa shilingi 90,000, na yeye aliamini amepata faida ya 30,000. Kwa kuwa baadhi ya kina mama hawakuzoea kalamu, tulitumia maharage, kila punje ikisimama badala ya shilingi 1,000, tukahesabu punje tisini juu ya mkeka. Punje sitini zikarudi kwenye kopo la mtaji. Kisha nikamwuliza alilipa nini tangu mtumbwi ulipotia nanga hadi alipokabidhi mzigo kwa mnunuzi, naye akaanza kuziondoa punje kwa mkono wake: wabebaji 3,000, kijana wa kuanika na kugeuza 5,000, mifuko 2,000, nauli yake na ya mzigo kwenye boti 9,000, ushuru 2,000, na chakula cha siku ya soko 3,000. Zilibaki punje sita. Wenzake wakamkumbusha dagaa waliopikwa nyumbani kwake wiki ile, ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu kuwa ni mali.

Niliwauliza ni gharama ipi kati ya hizo inaweza kupungua, na sikuwa na jibu langu mfukoni. Wao wenyewe ndio waliotambua kwamba kina mama watatu wa jirani hupanda boti moja siku moja, kila mmoja na mzigo wake na nauli yake, na kwamba wakimtuma mmoja wao kwa zamu, wawili wangebaki kijijini kuanika mzigo mwingine. Hilo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo, na nisingeweza kulifikiria nikiwa Dar es Salaam.

Kutoka hapo somo la makopo matatu, yaani la mtaji, la nyumba na la akiba, hueleweka bila shida, kwa maana kila mmoja ameshaona jinsi fedha ya unga na ya sare za shule inavyochukuliwa kwenye mtaji bila mtu kujua. Somo la mali kauli, yaani kuuza kwa mkopo, huchukua muda zaidi. Wadaiwa wa mama wa kijijini ni shemeji, jirani, na wakati mwingine mzee wa kanisa, na si rahisi kumdai mtu unayeshiriki naye meza ya Bwana. Ushauri ninaoutoa ni kwamba kikundi kizima kikubaliane kiwango cha juu cha kukopesha, ili mama aweze kusema, bila kumvunjia mtu heshima, kwamba huo ni utaratibu wa kikundi.

Lipo jambo ambalo walimu wengi wa misheni hulikwepa, nami ninaona ni wajibu wetu kulisema kwa upole. Kina mama wengi waaminifu hutoa fungu la kumi kwenye mauzo. Katika mfano wa hapo juu, fungu la kumi la mauzo ni shilingi 9,000, wakati faida nzima ni 6,000, maana yake mama huyo anamtolea Mungu kwa kuumega mtaji wake, na baada ya mizunguko michache hatakuwa na cha kununulia wala cha kutoa. Usilifundishe hili peke yako kana kwamba unapunguza sadaka za usharika. Kaa kwanza na mchungaji, mwonyeshe hesabu hiyohiyo kwa punje zilezile, na umwombe aliseme yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Mchungaji mmoja alilisema ibadani Jumapili iliyofuata, akamtaja mwanamke wa Mithali 31 aliyeona kwamba bidhaa yake ina faida, na nilishuhudia kina mama wakipokea neno lile kama ruhusa waliyokuwa wakiisubiri. Lidia wa Thiatira naye, muuza rangi ya zambarau, aliweza kuwakaribisha mitume nyumbani kwake kwa sababu biashara yake ilikuwa imesimama.

Kuhusu mtaji wa kugawa, ninasisitiza: usigawe. Fedha ya wageni huzaa manung'uniko kati ya waliopata na waliokosa, na safari ijayo watu watakuja kuipokea bahasha. Waelekeze kwenye kinachodumu. Kuweka na kukopeshana kwa vikundi, mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991 na ambao kwetu una ndugu yake, VICOBA, huanza na hisa ndogo za wanachama wenyewe na sanduku lenye kufuli tatu. Kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki, kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ambao asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, hivyo pitia kwa afisa maendeleo ya jamii kabla ya kuwaahidi kina mama chochote. Mama asiyezijua njia hizi ndiye anayeishia kwenye mikopo ya kausha damu, ile yenye riba kubwa, na nimeona masufuria yakichukuliwa kwa deni ambalo hesabu ya dakika kumi ingeonyesha kwamba halilipiki.

Milango ya darasa iwe wazi kwa wote. Ujiji na vijiji vingi vya mwambao vina Waislamu wengi, na mwaloni wanafanya kazi bega kwa bega na Wakristo. Mafunzo yasiwe chambo cha kuwaleta kwenye mkutano wa injili. Waambie tangu mwanzo kwamba utafungua kwa sala kwa sababu hiyo ndiyo imani yako, na kwamba hesabu ni ya kila mtu. Waume nao waalikwe siku ya mwisho, kwani kopo la mtaji halitadumu ndani ya nyumba ambayo baba halijui kazi yake.

Kabla ya kuondoka, kina mama wenyewe wachague wawili kati yao watakaoendelea kuwafundisha wenzao, na mmoja wa timu yako akubali kuwapigia simu kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima. Simu hiyo iwe na maswali matatu tu: mlinunua kwa kiasi gani, mlitumia nini njiani, na katika kopo la mtaji kuna shilingi ngapi leo. Asiyekuwa tayari kuipiga simu hiyo ni afadhali apewe kipindi kingine katika ratiba.