Kujaribu vitafunwa vya mimea usivyovizoea: ushauri kwa mnunuzi wa Lubumbashi

Rafu za vitafunwa katika maduka ya vyakula ya katikati ya mji wa Lubumbashi zina mengi kuliko tunavyodhani tunapopita haraka kuelekea kwenye mafuta na sukari. Mizigo inayopanda kutoka Afrika Kusini na Zambia na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa hukutana humo na bidhaa zinazoagizwa na wafanyabiashara Wahindi, Walebanoni na Wachina, kwa hiyo mahali pamoja unaweza kukuta dengu zilizokaangwa kwa viungo, vipande vya soya vilivyokaushwa mfano wa nyama kavu, karatasi nyembamba za mwani, vijiti vya tende na korosho, mikate myepesi ya mchele, na tambi nyekundu za ngano zenye pilipili. Vyote vimetokana na mimea, na vingi vyake havijawahi kuingia katika majiko yetu. Watu ninaowajua huvitazama, huvigeuza mkononi, kisha huvirudisha. Wengine hununua pakiti moja, haiwapendezi, na tangu siku hiyo husema kwamba vyakula vya namna hiyo si vya watu wa hapa. Mimi ninavipenda, nimevila kwa muda mrefu, na ninaamini kwamba wengi wao hawakuvikataa kwa haki: walivipima kwa kipimo cha nyama, au kwa picha iliyo mbele ya pakiti, badala ya kuvipima kwa jinsi vilivyo.

Nasema hivyo kwa sababu Katanga, eneo letu hili, ni nchi ya chakula kinachoitwa kikanda. Viazi vidogo vya okidi za mwituni, za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, hukaushwa na kutwangwa, kisha unga wake hupikwa pamoja na unga wa kalanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo, mpaka ushikamane na kuwa bonge zito linalokatwa vipande. Ndani yake hamna nyama hata chembe, na sijamsikia mtu anayekula kikanda katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akilalamika kwamba hakina ladha ya ng'ombe, kwani anakila kama kikanda. (Mimi mwenyewe sikinunui mara nyingi, kwa kuwa okidi hung'olewa mzima ili kupata kiazi chake, na uhitaji wa kikanda umewafikisha wachimbaji hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako hifadhi ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, inajitahidi kuyalinda maua hayo.) Heshima tunayokipa kikanda ndiyo ninayoomba tuvipe vitafunwa vya dukani: tuviulize ni nini, tusiviulize kwa nini si kitu kingine.

Kabla ya kuonja, geuza pakiti. Upande wa mbele ni wa kuuza na upande wa nyuma ni wa kueleza, na mnunuzi anayesoma nyuma peke yake hapotezi lolote. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Basi ikiwa pakiti imeandikwa «dengu» kwa herufi kubwa na orodha inaanza na unga wa mahindi na mafuta ya mawese, unajua umeshika nini. Maneno kama «végétal» (cha mimea) au «à base de plantes» (kilichotokana na mimea) nayo yasikutosheleze ukiwa unakwepa kabisa vitu vya wanyama, kwa sababu biskuti nyingi na chipsi zenye viungo hubeba unga wa maziwa au lactosérum, ambayo ni maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Peremende laini za kutafuna mara nyingi zina jelatini, inayotoka katika ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe, na rangi nyekundu iliyoandikwa E120 hutengenezwa kwa wadudu wadogo. E471, kiambato cha kuchanganya mafuta na maji, ni fumbo, maana huweza kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama, na pakiti isipofafanua hakuna njia ya kujua ukiwa dukani.

Pakiti za India zina msaada ambao wengi hatuutazami. Mraba mdogo wa kijani wenye duara la kijani ndani yake maana yake chakula hakina nyama, samaki wala yai. Alama ya rangi ya kahawia maana yake kina kitu cha namna hiyo. Lakini kumbuka kwamba alama ya kijani inaruhusu maziwa na samli, kwa hiyo kwa asiyetumia maziwa bado kazi ya kusoma orodha iko pale pale.

Baada ya viambato, tafuta chumvi, kwa sababu hapo ndipo vitafunwa vya mimea huharibiwa zaidi. Pakiti za Ulaya huandika «sel» kwa gramu, ilhali nyingi za India na Afrika Kusini huandika sodiamu kwa miligramu, na watu hudanganyika wakidhani kwamba namba hizo mbili zinalingana. Zidisha sodiamu kwa 2.5 ili upate chumvi: miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima, na siku hiyo bado ina bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki wa chumvi. Angalia pia kama namba hizo ni za gramu 100 au ni za kile wanachokiita sehemu moja ya kula, ambayo huweza kuwa gramu 25 tu, wakati sote tunajua kwamba pakiti ikishafunguliwa haifungwi tena.

Sasa tuonje. Ushauri wangu ni kununua pakiti ndogo kuliko zote, kuila ukiwa hujashiba wala huna njaa kali, na kuanza bila pilipili, bila ndimu na bila kinywaji kitamu pembeni. Tafuna vipande viwili vitatu polepole, kisha acha kwa muda, kwa sababu ladha inayobaki mdomoni hutofautiana na ile ya mwanzo, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama utanunua tena. Rudia siku nyingine kabla ya kutoa hukumu. Mara ya kwanza ulimi hushughulika na ugeni. Mara ya pili ndipo unapoanza kupata ladha yenyewe. Na ikiwezekana, mpe mwingine nyumbani bila kumweleza ni kitu gani wala kiligharimu kiasi gani, kwa kuwa bei na jina humfunga mtu ulimi.

Chukua mfano wa vipande vya soya vilivyokaushwa, ambavyo ndivyo hukataliwa kuliko vyote. Kitu hiki hutokana na unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta. Unga huo husukumwa kwa mgandamizo na joto kali ndani ya mashine, na unapotoka kwenye tundu hufura na kuwa na nyuzinyuzi zinazofanana na za msuli. Kampuni ya Marekani inayoitwa ADM ndiyo iliyoueneza utaratibu huu tangu miaka ya 1960, na leo soya ya vipande ni mboga ya kila siku kwa jirani zetu wa Zambia. Kikiwa kikavu, karibu nusu ya uzito wake ni protini. Ukikiweka mdomoni, kwanza unahisi ukavu unaonyonya mate, kisha viungo vya juu juu, na mwishoni harufu ya maharage mabichi inapanda puani. Harufu hiyo husababishwa na kimeng'enya kinachoshambulia mafuta ya soya mara tu maharage yanapopondwa, na viwanda vyenye uangalifu hukidhibiti kwa joto. Kwa hiyo harufu ikiwa kali, usiseme kwamba soya ni mbaya. Sema kwamba kiwanda hicho hakikufanya kazi yake, ukajaribu cha kiwanda kingine. Mimi hukipenda kikiwa kimeandaliwa kwa ndimu na pilipili, na kile ambacho hakikunipendeza kikavu hukiloweka katika maji ya moto, hukikamua vizuri, kisha hukikaanga na kitunguu na nyanya. Hapo kinakuwa chakula kizuri kabisa.

Dengu za kukaangwa ndizo ningempa mtu anayeanza. Zinavunjika kwa mlio chini ya jino, ndani yake mna unga mtamu kidogo, na kwa gramu 100 hutoa takriban gramu 20 za protini pamoja na nyuzinyuzi nyingi zinazoshibisha. Chagua zile ambazo orodha yake ni dengu, mafuta kidogo, chumvi na viungo, basi. Zikiwa ngumu kiasi cha kutishia meno, zimekaa muda mrefu mno au hazikulowekwa vya kutosha kabla ya kukaangwa.

Karatasi za mwani zinahitaji subira kubwa zaidi, hasa kwetu tunaoishi mbali na bahari. Ni nyepesi kama majivu ya karatasi. Ukiweka moja juu ya ulimi inayeyuka na kuacha ladha ya bahari, ya chumvi na ya ufuta, kwa sababu nyingi hupakwa mafuta ya ufuta. Mtu aliyezoea dagaa hatashtuka sana. Zimejaa ayodini, hivyo mwenye tatizo la tezi ya shingo azungumze kwanza na daktari wake. Ubaya wake ni bei na plastiki: pakiti kubwa, ndani yake gramu chache mno. Tambi nyekundu za ngano kutoka China, ambazo zilianzia wilayani Pingjiang katika jimbo la Hunan, zina utamu, pilipili na mafuta mengi kwa pamoja. Vijana wa nyumbani kwangu wanazishangilia, lakini chumvi yake ni nyingi na sizinunui mara kwa mara. Vijiti vya tende ni vizuri, ingawa vinabaki kuwa sukari hata kama ni sukari ya tunda. Mikate ya mchele haina ladha yoyote mpaka uipake siagi ya kalanga.

Na kwa kuwa nimezitaja kalanga, nizifanye mizani. Kabla sijakubali bei ya kitafunwa chochote kipya, nakipima kwa gramu 100. Tuseme pakiti ya gramu 40 inauzwa faranga 3,000. Basi gramu 100 zake ni faranga 7,500, na namba hiyo ndiyo ya kulinganisha na kikombe cha kalanga anachouza mama wa barabarani. Kalanga zina takriban gramu 25 za protini kwa gramu 100, kwa hiyo pakiti inayojitangaza kwa neno «protéines» na kutoa gramu 12 tu haina haki ya kugharimu mara tano. Simwambii mtu asinunue kitu cha gharama. Ladha mpya nayo ina thamani, lakini ajue analipia nini. Kalanga zenyewe pia zichambuliwe: iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au yenye uchungu itupwe, kwa sababu ukungu wake hutoa sumu ya aflatoksini, na kuikaanga hakuiondoi yote.

Kuna jambo linaloharibu majaribio mengi hapa mjini bila mtu kulitambua, nalo ni joto. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kuanza, pakiti iliyokaa karibu na kioo cha duka au iliyosubiri siku nyingi ndani ya lori huchachisha mafuta yake hata kama tarehe bado iko mbali. Mafuta yaliyochacha hunuka kama rangi ya kupaka ya zamani au kadibodi, na huacha ukakasi kooni. Ukiona hivyo, hujaonja kitafunwa hicho bado. Umeonja uhifadhi mbaya. Chukua pakiti za nyuma ya rafu, zenye mfuko usiopitisha mwanga, na utofautishe maandishi mawili: «à consommer de préférence avant» huzungumzia ubora, ilhali «à consommer jusqu'au» huzungumzia usalama, na hiyo ya pili isipuuzwe kamwe.

Kwa watoto walio chini ya miaka 5, kalanga nzima, korosho nzima na dengu ngumu zisitolewe, kwani huweza kuwapalia; wapewe zilizosagwa. Mwenye mzio asome mpaka mstari wa mwisho, ule unaosema kwamba chakula huweza kuwa na «traces», yaani chembechembe, za maziwa, kalanga au ufuta, maana mashine moja hutumika kwa bidhaa nyingi. Na anayeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa asidhani kwamba vitafunwa hivi vitamtosha, kwa sababu vitamini B12 haipatikani vya kuaminika katika mimea, na itambidi atafute vyakula vilivyoongezewa au vidonge.

Kilichokupendeza, kitaje dukani. Wenye maduka huagiza kinachotoka, na kisichotoka hukiacha kichakae kwenye rafu kisha hawakileti tena. Nimeona dengu nzuri zikipotea kwa namna hiyo. Mwambie msimamizi jina la bidhaa, ladha uliyoichagua, na umwombe alete pakiti ndogo za kuanzia, kwa sababu mfuko wa gramu 400 humtisha mtu ambaye hajawahi kuonja.